Kijana wa Banda la Gemu Kabanga na Siku Ubao Wake Ulipodanganya

Ukishuka Kabanga kwa mara ya kwanza utadhani mji mzima unasubiri kitu. Malori yamejipanga kuelekea mpakani, madereva wamekaa pembeni ya magari wanachemsha chai, vijana wa kubadilisha hela wameshika mabunda ya faranga, bodaboda wanaita abiria. Mbele kidogo tu ni Kobero, Burundi. Watu wa Dar wakisikia Kabanga wanawaza nikeli. Wenyewe wa Ngara wanawaza ndizi, maharage, malori na mpaka.

Nyuma ya maduka kuna banda la gemu. Mabati juu, mbao pembeni, turubai mlangoni ili mwanga usipige kwenye kioo cha tivii. Ndani kuna tivii tatu, PS2 mbili, PS3 moja yenye siku zake za kugoma, na mabenchi ya mbao. Mechi moja mia mbili. Ukija na buku unacheza sita, ya mwisho ofa.

Lakini kilicholipa jina banda lile si mashine. Mashine kama zile zipo kila mji. Ni ubao.

Mhudumu wa pale ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kukunja karatasi na kuweka mfukoni. Bosi wake alimpa kazi ya kukaa na pedi, kupokea hela na kuangalia dakika. Ubao alijiongeza mwenyewe. Kila asubuhi kabla wateja hawajaja anaufuta, anaandika kwa chaki kwa herufi kubwa HABARI ZA GEMU, halafu chini yake mistari mitatu au minne. Basi.

Hizo habari alikuwa anazitoa kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Usiku bando likiwa la bei rahisi, yeye anasoma. Alianza na video fupi fupi, baadaye akagundua kwamba dunia ya gemu nayo ina magazeti yake kama mpira ulivyo na yake. Kuna IGN, kuna GameSpot, zote zipo tangu 1996, hata yeye alikuwa hajazaliwa. Kuna watu kazi yao ni kucheza gemu kabla halijatoka na kukwambia hili zuri, hili bovu, na wanalipwa. Alipowaambia wateja hiyo habari peke yake ilibishaniwa siku mbili. "Mtu analipwa kucheza? Acha uongo bana!"

Kiingereza chake kilikuwa cha kusukuma. Neno likimshinda analiweka kwenye programu ya kutafsiri, ikimletea Kiswahili cha ajabu anasubiri dereva mwenye shule apite amuulize. Taratibu akaanza kushika. Akajua neno la kuvuja, neno la tetesi, neno la kusogeza tarehe mbele. Akajua kwamba habari za gemu zinafanana sana na usajili wa Simba na Yanga. Kuna "amesaini" na kuna "inasemekana yupo njiani", na anayechanganya hivyo viwili ataaibika.

Heshima yake ilijengwa polepole. 2021 aliandika kwamba Konami wanaliacha jina la PES, sasa litaitwa eFootball na litakuwa la bure. Wateja wakapaniki, wakadhani mtu atakuja kufuta PES zao kwenye mashine. Akawaelewesha kwamba diski yako ni yako. Gemu lenyewe lilipotoka tarehe 30 Septemba mwaka ule likachekwa dunia nzima, sura za wachezaji zimepinda kama sanamu za udongo, naye akaandika hilo pia. Mwaka uliofuata, Mei 2022, akaandika kwamba EA na FIFA wanaachana. Dereva mmoja wa lori akabisha mbele ya watu wote kwamba haiwezekani, FIFA ni FIFA. Tarehe 29 Septemba 2023 likatoka FC 24, neno FIFA halipo. Dereva yule alipopita tena Kabanga alimnunulia kijana soda na kukaa kimya.

Kulikuwa pia na habari ambazo hakuna gazeti la Ulaya linaloandika. Ukisoma za wakubwa, PS2 ni marehemu. Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na gemu za mwisho mwisho zilizotoka kwa ajili yake zilikuwa FIFA 14 na PES 2014. Ila Kabanga marehemu huyo anafunga magoli kila jioni. Diski zinapanda malori kutoka Kariakoo, mtu fulani huko ameshabadilisha jezi, ameshahamisha wachezaji, msimu umekuwa mpya. Na wasio na mia mbili wanacheza gemu za PSP kwenye simu kwa programu ya PPSSPP, humo ndani vijana wa Kitanzania wameshaweka Simba, Yanga na Azam. Kijana akiandika kwenye ubao "Diski mpya imefika, jezi za msimu huu zipo," hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote za Marekani.

Warundi wanaovuka kuja sokoni walikuwa wanapita pale kwenye turubai wanamsalimia, "Amakuru?" Yaani habari. Naye anawajibu "Ni meza," halafu anawaonyesha ubao kwa kidole. Salamu ya Kiswahili na salamu ya ng'ambo zote zinauliza habari, na yeye habari anazo. Alijisikia mtu.

Sasa ikaja GTA.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2023, Rockstar walitoa video ya kwanza ya GTA 6. Walipanga waitoe baadaye siku hiyo, lakini ilivuja wakaamua kuiachia mapema. Kwa saa za kwetu ilikuwa usiku wa manane. Kijana alikuwa macho. Aliiangalia mara tatu mpaka bando likakata. Asubuhi ubao ukasomeka hivi: GTA 6 IMETHIBITISHWA. INATOKA 2025. NI YA PS5 NA XBOX MPYA TU.

Kila neno lilikuwa kweli. Hapo ndipo pa kukumbuka.

Shida ni kwamba kweli ile haikumfurahisha mtu. PS5 Kabanga nani anayo? Wateja waliisoma, wakasonya, wakarudi kwenye San Andreas yao ya 2004. Na wakati huohuo banda lingine lilikuwa limefunguliwa upande wa barabara kuu, lina PS4 mbili na feni. Vijana wakaanza kuhamia huko. Bosi akawa anakuja jioni anahesabu hela anaguna. "Mwanangu, huo ubao wako haulipi umeme."

Kuelekea mwisho wa Desemba ikaanza kuzunguka video. GTA 6 ya simu. Mtu ameshika simu ya kawaida kabisa, kidole kinaendesha, gari zinapita, jiji linawaka taa. Watu waliopenda ile video ni wengi mno. Chini yake kuna namba ya WhatsApp ya Kitanzania, anayetaka alipie atumiwe faili na kodi ya kulifungulia.

Kijana aliitazama akiwa amekaa peke yake bandani, mabenchi matupu. Kuna kasauti kalimwambia mbona uliandika PS5 na Xbox tu? Akakanyamazisha. Akajiambia labda wamebadilisha, mambo ya teknolojia yanakwenda kasi. Ukweli ni kwamba alitaka iwe kweli. Kwa mara ya kwanza ingekuwepo habari kubwa ya dunia ambayo mtu wa Kabanga angeweza kuishika mkononi siku ileile na mtu wa Marekani.

Akaandika: GTA 6 SASA KWENYE SIMU!!! MUULIZE MHUDUMU.

Banda lilijaa. Siku mbili tatu watu walikuwa wanaingia kuuliza, wakiingia wanacheza. Bosi akacheka, akamwachia elfu moja ya ziada. Wengi walioipata ile namba waliishia kuangalia bei wakaacha. Mmoja hakuacha.

Alikuwa dogo wa shule, mteja wa kila siku, anayeingia kidato cha pili Januari. Mama yake anauza ndizi sokoni. Mama alikuwa amempa elfu ishirini na nane akanunue viatu na madaftari kabla shule hazijafunguliwa. Dogo alikwenda kwa wakala akaituma yote kwenye ile namba, akiamini kwamba akishalipata gemu atawachezesha wenzake kwa malipo na hela itarudi ndani ya wiki. Hesabu ya mtoto, ila si hesabu ya mjinga. Aliona banda linavyoendeshwa, akataka na yeye awe na la kwake mfukoni.

Faili lilikuja. Akalifungua, picha ya GTA ikatokea, muziki ukalia. Halafu maandishi: thibitisha kwanza kwamba wewe si roboti, pakua programu hii. Akapakua. Sasa pakua hii nyingine. Akapakua. Jaza fomu hii. Akajaza. Hakukuwa na mwisho wake kwa sababu mwisho haupo. Mtu aliyetengeneza kitu kile analipwa kwa kila programu unayoipakua, na gemu lenyewe halipo humo ndani. Dogo alipopiga namba ya muuzaji, ilikuwa imeshamzuia.

Mama alifika bandani Jumamosi asubuhi, kanga ya sokoni bado kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Sitaki shikamoo yako. Nataka elfu ishirini na nane yangu."

Kijana akajaribu kueleza. Mama hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alisimama mbele ya ubao, akausoma taratibu kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya mkopo. "Gi, ti, e, sita. Sasa kwenye simu. Muulize mhudumu." Akageuka. "Mhudumu si wewe? Mwanangu amekuuliza. Umempa namba ya mwizi wenzio. Mmegawana ngapi?"

Wateja wanne waliokuwepo waliweka pedi chini.

Hakugawana kitu na mtu. Lakini angeanzia wapi kumwambia? Namba kweli alimpa yeye. Maneno kweli aliyaandika yeye. Ile elfu moja ya bosi kweli aliipokea, na ilitokana na ule uongo.

Usiku ule alifanya alichotakiwa kufanya wiki ile kabla hajashika chaki. Aliangalia ukubwa wa lile faili, lilikuwa MB 80. San Andreas ya simu, ambayo ni gemu la zamani na kwenye simu lilifika 2013, lenyewe linazidi GB 2. Sasa GTA 6, gemu linalotikisa dunia, linakaaje kwenye MB 80? Nyimbo arobaini kwenye simu zinajaza zaidi ya hapo. Akarudi kwenye tamko la Rockstar wenyewe, akakuta yaleyale aliyoyaandika Desemba 5. Ni PS5 na Xbox. Simu haijatajwa popote. Kweli alikuwa nayo tangu mwanzo, kwa mwandiko wake mwenyewe, halafu akaifuta kwa tambara.

Bosi alimpa ushauri wa kibiashara. "Futa, andika habari nyingine, nyamaza. Kila mtu alitumia akili yake. Ukikiri, watasema banda langu la matapeli."

Mama yake mzazi alimpa ushauri mwingine. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. Alimkumbusha Aprili 1994, yeye akiwa binti mdogo, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa malaki ndani ya siku chache na Benaco ikageuka mji. Alisema siku zile njaa ilikuwepo na ugonjwa ulikuwepo, ila uvumi ulikuwa mwepesi kuliko vyote. Leo mnafukuzwa, kesho kijiji chenu kimeisha, keshokutwa chakula kipo kambi nyingine, watu wanabeba watoto wanakimbilia hakuna. Ndiyo maana 1995 ikaanzishwa redio palepale Ngara, wakaipa jina Kwizera.

"Kwizera ni nini?" akamuuliza mwanawe, kama vile hajui.

"Kutumaini. Kuamini."

"Eeh. Watu waliisikiliza kwa sababu ikisema chakula kipo, ukienda unakikuta. Sasa wewe na ubao wako, mtu akienda anakuta nini?"

Jumatatu asubuhi wateja walikuta ubao umeandikwa hivi: GTA 6 YA SIMU NI UONGO. HAIPO. NILIANDIKA BILA KUHAKIKI. MWENYE NAMBA ILE NI TAPELI, MSITUME HELA. NIMEKOSEA MIMI.

Maandishi yale hakuyafuta kesho yake. Aliyaacha wiki nzima, kwa sababu uongo nao ulikaa pale karibu wiki nzima.

Walimcheka. Walimpa jina, wakawa wanamwita "GTA Sita" mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda. Akiandika habari yoyote mtu anaguna, "Hiyo nayo ya MB 80?" Baadhi walihamia kwenye banda la feni moja kwa moja. Bosi alinuna mwezi mzima ila hakumfukuza, maana hesabu ya hela haikuwahi kupungua mikononi mwake, na bosi alilijua hilo.

Dereva yule wa soda ndiye aliyemwambia atume namba ya tapeli kwenda 15040, akatuma. Hela haikurudi. Basi akaanza kulipa yeye. Elfu mbili kila Jumamosi, anaipeleka mwenyewe sokoni, anasalimia, anaweka juu ya ndizi. Wiki za mwanzo mama alikuwa anaichukua bila kumtazama. Wiki ya tano akaitikia shikamoo. Wiki ya tisa mvua ilimkamata kijana njiani akafika amelowa, mama akamwambia akae kwanza chini ya turubai. Wiki ya kumi na nne elfu ishirini na nane ikatimia. Mama alihesabu kichwani, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Hujaiba. Ila siku nyingine mwanangu akija kukuuliza, mjibu kama unamjibu mdogo wako."

Hakumwambia amemsamehe. Pengine lile ndilo lilikuwa neno lenyewe.

Dogo mwenyewe alirudi bandani baadaye, viatu vya kuazima, aibu imejaa usoni. Hakucheza. Alitoa simu, akamwonyesha tangazo la gemu la bure la mpira na zawadi ya simu mpya, akauliza, "Kaka, hii ni kweli?"

Kijana aliangalia ni nani aliyeweka tangazo. Akaangalia kama kampuni yenyewe imelitangaza kwao. Akaangalia ukubwa wa faili. Akaangalia wanaomba nini. Ikachukua kama dakika kumi, na tivii zote zilikuwa na watu wanaomsubiri awawashie mechi.

"Si kweli."

Dogo akalifuta palepale.

Tangu hapo ubao una mistari miwili ya kudumu upande wa kushoto. Wa juu umeandikwa IMETHIBITISHWA, wa chini TETESI. Hakuna habari inayopanda juu mpaka aikute kwa wenyewe waliotengeneza gemu. Siku nyingine upande wa juu hauna kitu kabisa, na anauacha hivyohivyo mtupu. Mwanzoni wateja waliona ni uvivu. Sasa wanauona mtupu wanasema, "Leo hakuna la uhakika," wanakaa wanacheza.

GTA 6 nayo imeendelea kumpa kazi. Ile 2025 haikutimia. Mei 2025 Rockstar wakaisogeza hadi tarehe 26 Mei 2026, akafuta akaandika. Novemba 2025 wakaisogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026, akafuta akaandika, na pembeni akaongeza kwa herufi ndogo: "wamesema wao." PS5 Kabanga bado ni ya kuhesabika kwa kidole kimoja, kama ipo. Hata siku gemu likitoka, wengi wa pale wataliona kwenye video za watu wengine, kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka.

Lakini dereva akipita, Mrundi akivuka, dogo akitoka shule, wote bado wanauliza habari kwenye turubai lile. Jina la GTA Sita bado wanamwita. Anaitika.

Wadau, wewe ungekuwa mhudumu, ungeacha "nimekosea" ubaoni wiki nzima au ungefuta kama bosi alivyotaka? Na nani kashawahi kupigwa kwa gemu la uongo? Shuka na comment yako hapo chini, usione aibu.